Nani Aliiua Pijo?

Mwaka niliopata barua ya kujiunga na chuo, Guka aliuza pikapu yake ili nilipiwe karo. Ilikuwa Peugeot 504, nyeupe iliyofifia ikawa kama chai ya maziwa, gia iko kwa usukani, kiti cha mbele kimoja kirefu cha watu watatu. Aliyeinunua alikuwa mtu wa vyuma kuukuu. Haikumaliza hata wiki kabla ikatwe vipande. Na nyinyi mnaonifuata mnajua mambo yangu ya chuo yaliishia wapi. Kwa hivyo nikiongea kuhusu hii gari, jueni ninaongea nikiwa na deni.

Ukikaa na wapenzi wa Pijo, hadithi ni ile ile. Kampuni iliharibika. Zamani walitengeneza gari la kazi, siku hizi wanatengeneza simu yenye magurudumu. Hata mimi nimeisema sana hiyo. Lakini nikifuatilia historia yenyewe, naona kuna ukurasa tunauruka makusudi.

Tuanze na sifa, juu zinastahili. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Mbio zenyewe zilikuwa za Pasaka, mvua ikinyesha, kwa tope hili letu. Mkulima hakuhitaji tangazo la gazeti. Alisimama kando ya barabara akajionea gari gani inatoka kwa matope na gani inabaki.

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu ilipata maisha mengine. Iliunganishwa Mombasa, na kwa jumla Kenya iliunganisha kama 504 elfu 27. Nigeria walifikisha elfu 425. Stesheni-wagoni yake ilikuwa na safu tatu za viti na springi nne nyuma, mbili kila upande, kwa hivyo ikawa matatu ya safari ndefu. Uliza mzazi yeyote aliyesafiri kwenda Nakuru, Kisumu ama Busia enzi hizo. Atakwambia alibanwa wapi na na nani.

Guka yeye alibeba viazi kutoka Ol Kalou hadi Marikiti. Kuna siku, nikiwa darasa la tano, gari ilizima njiani kwa sababu ya petroli chafu. Alitandaza gunia kando ya barabara, akafungua kabureta, akaipanga vipande vipande kama mtu anayechagua maharagwe. Akapuliza vitundu kwa mdomo, akatema petroli, akarudisha kila kitu. Tulifika sokoni kabla bei ishuke. Hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa tu ameshafungua hiyo gari mara nyingi hadi akaizoea.

Sasa, mabadiliko. Ufaransa waliacha kuunda 504 ya saluni mwaka 1983. Pikapu nayo ikakoma Ulaya 1993. Kufikia hapo saluni za kampuni zilikuwa zimehamia magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama 405 ya mwaka 1987. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ina maana: gari nyepesi, nafasi zaidi ndani, mafuta kidogo. Kwa mtu wa viazi, hakuna aliyemfikiria.

Halafu 2017, jina likarudi Afrika kwenye pikapu mpya. Wapenzi wakafurahi, hadi wakachungulia chini. Ilikuwa Dongfeng Rich ya Uchina, na hiyo Rich yenyewe ilitokana na Nissan D22, ile ile tunayoita Hardbody. Yaani walimletea mtu wa Pijo Nissan iliyobandikwa simba. Mwaka 2020 ikaja Landtrek, iliyoundwa pamoja na Changan, pia ya Uchina. 2021 kampuni mama ikaungana na Fiat Chrysler, ikaitwa Stellantis. Naelewa kwa nini watu wanaumia.

Lakini sasa ule ukurasa tunaouruka. Miaka ya mapema ya 90 serikali ililegeza masharti ya kuingiza magari. Mitumba ya Japani ikajaa bandarini Mombasa, jiji lile lile walikokuwa wakiunganisha 504. Baba yangu, mtoto wa mwenye Pijo, akanunua Corolla. Vioo vya umeme, redio safi, na bei haikaribii hata kidogo gari mpya. Wenye matatu wakahamia Nissan za abiria 14, juu hesabu ni hesabu. Mwanzo wa miaka ya 2000 Mombasa wakaacha kuunganisha 504. Na hadi leo, kila Krismasi, baba ndiye analia zaidi kwamba Wafaransa walituharibia Pijo. Buda, wewe ulinunua ngapi?

Na tusidanganyane kuhusu usalama. Kile kiti cha watatu, mimi nikiwa katikati, hakuna mkanda, hakuna mifuko ya hewa. Lori likitokea vibaya hatungekuwa tunaongea hapa.

Kwa hivyo sina shida na skrini. Sina shida na Mchina. Hata kuunganisha magari hapa kulirudi: mwaka 2017 Peugeot zilianza kuunganishwa Thika. Kile ninachodai ni kimoja. Gari ikiuzwa kwa mtu wa Ol Kalou, fundi wa Ol Kalou aweze kuifungua. Apate spea, apate maelezo, apate hiyo programu ya kusoma makosa bila kuambiwa aende Nairobi. Hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji, wa chapa yoyote, kabla hujapenda rangi.

Mwezi uliopita nilimuuliza Guka kama anaikosa pikapu yake. Nilidhani atataja nguvu, ama mlio wa injini. Alifikiria kidogo, akasema anakosa kujua ni nini imeharibika. Siku hizi anakodi gari ya kijana wa jirani kupeleka viazi. Ikizima, wote wawili wanakaa kando ya barabara wakingoja mtu wa kompyuta, na bei sokoni inashuka.

Boksi lake la spana bado liko chini ya kitanda. Karo yangu siwezi kuirudisha leo. Lakini hizo spana nimemwambia anifundishe, na Jumamosi tunaanza na kabureta ya jenereta.