Walioondoka Kampala 1972 na Swali la Baridi

Kila Jumamosi tukimaliza mkutano hapa Nsambya, mazungumzo yanarudi palepale: ukipata nafasi ya kwenda nje, utaishi wapi? Mwezi jana mama wa mwenzetu, ambaye faili yao ya Kanada inasonga, alitushangaza. Ati yeye hataki. "Nimekimbia risasi Masisi, sasa niende kufia ndani ya friji?" Tulicheka, ila mama hakucheka. Kaka yake yuko Winnipeg, na amemwambia kwamba usiku wa Januari baridi inaweza kupita digrii 30 chini ya sifuri.

Basi tukajiuliza: kuna watu waliotoka Kampala hii hii wakakutana na swali kama hili? Kumbe wapo, tena wengi.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Waliacha maduka na nyumba, na familia iliruhusiwa kubeba kama pauni 50 tu. Karibu watu 28,000 walienda Uingereza. Kanada ilipokea karibu 6,000, na ndege ya kwanza ilitua Montreal tarehe 28 Septemba, baridi ikiwa inakaribia.

Uingereza iliwaweka kwanza katika kambi 16, nyingi zikiwa za zamani za jeshi. Moja ilikuwa Tonfanau, Wales, kando ya bahari yenye upepo mkali. Watu wa kujitolea waliwagawia makoti. Halafu bodi ya serikali iliyowashughulikia ikagawa nchi mara mbili: maeneo "mekundu", yaliyosemwa yamejaa, na maeneo "ya kijani", yenye nafasi. Leicester iliwekwa kwenye nyekundu. Tarehe 15 Septemba 1972, baraza la mji huo lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, hapahapa Kampala. Ujumbe wake: msije kwetu, watu wanasubiri nyumba, shule hazina nafasi, huduma zimelemewa.

Sasa wao walifanya nini? Maelfu walienda Leicester hivyohivyo.

Hawakuwa wakaidi tu, walipiga hesabu. Leicester walikuwepo ndugu waliotangulia, wakiwemo waliotoka Kenya miaka michache kabla. Vilikuwepo viwanda vya nguo na soksi vilivyotaka wafanyakazi. Mtaa wa Belgrave ulikuwa na nyumba za zamani za bei nafuu. Maeneo ya kijani mara nyingi yalikuwa na nyumba, lakini kazi na ndugu vilikuwa haba. Na baridi? Ndani ya Uingereza haikuwa na tofauti kubwa, iwe nyekundu au kijani. Tofauti ilikuwa mtu wa kukuonyesha wapi pa kununua koti, nani anaajiri, na nani atakaa na mtoto ukienda kazini usiku.

Tusidanganyane, haikuwa rahisi. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters, Leicester, waligoma kwa sababu ya malipo ya bonasi na ubaguzi. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Kazi waliipata, lakini haki waliidai wenyewe.

Sisi tuko tofauti nao kidogo. Anayepelekwa na mpango wa makazi mapya hachagui nchi anavyotaka. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake, wengi wetu hatuna hata faili ya kungojea. Lakini hesabu yenyewe tunaijua, kwa sababu tumeshaipiga hapa Uganda. Kambini Nakivale unaweza kupewa kiwanja na msaada wa chakula. Kampala, kodi ya nyumba ni juu yako, posho ni juu yako, na mwenye nyumba hangoji. Bado tulichagua Kampala. Tulifuata kazi, shule na watu wetu.

Kwa hiyo nyinyi mnaotoa mafunzo kabla ya safari, picha za theluji hazitoshi. Tuambieni kodi inakula kiasi gani cha mshahara wa kuanzia, umeme au gesi ya kupasha nyumba joto inalipwa na nani, na kama mji una basi au ni lazima gari. Koti utanunua mara moja, lakini bili ya joto inarudi kila mwezi wa baridi.

Mama yetu bado hajaamua. Lakini Jumapili alimpigia tena kaka yake, na safari hii hakuuliza habari za digrii. Aliuliza kodi ni bei gani, kiwanda gani kinaajiri mtu wa umri wake, na kama kwenye jengo lao kuna mtu anaongea Kiswahili.