Mstari unaopanda: ferokromu ya Kusini na watabiri wake

Katika kazi hii nimeandika habari nyingi zenye neno "yanatarajiwa". Mauzo ya nje yanatarajiwa kukua kwa asilimia kadhaa ifikapo mwaka fulani. Unaandika, inatoka, kesho yake watu wanafungia maandazi. Juzi nilikuwa kwenye mkutano mmoja wa wawekezaji hapa Dar, ukutani wameweka mstari unaopanda kama ndege inayoruka, nikajiuliza: hivi kuna mtu huwa anarudi kuangalia kama mstari ule ulipanda kweli? Nikaamua kufuatilia mfano mmoja, ferokromu ya Afrika Kusini.

Ferokromu ni aloi ya chuma na kromu. Bila hiyo hakuna stenlesi, maana stenlesi lazima iwe na kromu ya angalau asilimia 10.5. Sufuria, sinki, mikasi ya hospitali, vyote vinapita hapo.

Mtu angeombwa mwaka 1960 atabiri nani atatawala biashara hii, sidhani kama angeitaja Afrika Kusini. Ina sehemu kubwa kuliko zote ya akiba ya kromu duniani, lakini mawe yake yana chuma kingi mno, na wakati huo yalionekana duni. Yaliyosifiwa ni ya Rhodesia. Yalisifiwa kiasi kwamba Umoja wa Mataifa ulipoiwekea Rhodesia vikwazo mwaka 1966, Bunge la Marekani lilikuja kutoboa tundu mwaka 1971 kwa hoja ya seneta Harry Byrd, eti nchi isitegemee kromu ya Warusi. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1977 tu. (Siku nyingine nitaandika juu ya hilo peke yake, lina mambo.)

Kilichogeuza meza hakikuwa siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walianza kutumia njia ya kupuliza gesi ya agoni na oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka, kaboni inatoka bila kuunguza kromu nyingi. Basi wenye viwanda wakawa hawahitaji tena ferokromu ghali yenye kaboni kidogo. Ile ya bei rahisi, yenye kromu kama asilimia 50 hivi, ikatosha. Na hiyo ndiyo hasa inayotoka kwenye mawe ya Kusini. Jiwe lilelile la jana, bei nyingine.

Ongeza umeme. Tani moja ya ferokromu inakula zaidi ya yuniti 3,000, kwa hiyo unaponunua ferokromu unanunua umeme ulioganda. Eskom ilikuwa imejenga mitambo kupita mahitaji, umeme ukawa rahisi, matanuri yakaota Rustenburg, Steelpoort na Witbank. Afrika Kusini ikawa ya kwanza duniani. Ukichora mstari wa miaka hiyo na kuurefusha kwa rula, unapata utajiri mtupu.

Na hapa ndipo palinipa shida, kwa sababu watabiri wa mahitaji hawakukosea! Matumizi ya stenlesi yamekua kwa wastani wa takribani asilimia 5 kwa mwaka kwa miongo mingi. China, ambayo mwaka 2000 haikuzalisha hata tani milioni 1 za stenlesi, ilikuwa imevuka milioni 10 mwaka 2010. Mnunuzi alikuja, na alikuja na njaa kuliko ilivyodhaniwa.

Ila umeme ukaisha. Waraka wa serikali yao wa mwaka 1998 ulikuwa umesema wazi kwamba ziada ya Eskom itakwisha kama mwaka 2007. Januari 2008 migodi mikubwa ikasimama kwa mgawo. Utabiri mmoja sahihi kabisa, na ndio uliopuuzwa. Mwaka 2010 na 2011 bei ya umeme ikapanda kwa takribani robo kila mwaka, na mwaka 2012 Eskom ikafikia kuwalipa wenye matanuri wayazime. Mwaka huohuo China ikawapita kwa kuzalisha ferokromu.

Kwa mawe ya nani? Ya Afrika Kusini. Migodi ya platinamu hutoa kromu kama makapi, gharama ya kuichimba imeshalipwa na platinamu, hivyo inauzwa bei ya chini na kupakiwa melini. Mauzo ya nje yalikua kweli, lakini ya mawe. Mwaka 2020 baraza lao la mawaziri lilikubali wazo la kuyatoza kodi mawe hayo. Mwaka 2025 Glencore na Merafe zilisimamisha matanuri ya Boshoek na Wonderkop.

Nayasema haya sisi tukiwa nchi iliyozuia makinikia kutoka mwaka 2017, na wimbo wa kuongeza thamani hapa nyumbani naupenda. Kwenye ule mkutano wa Dar niliuliza umeme wa kuyeyushia utatoka wapi, na kwa shilingi ngapi yuniti. Nikajibiwa kwamba upo. Habari yangu ilikuwa na aya tano; ilipotoka ilikuwa na nne, na picha ya ule mstari.