Hadithi ya Tippu Tip na Walioiendeleza

Visiwani kwetu televisheni iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali wenzetu wa Tanzania Bara walingoja hadi miaka ya 1990 kupata vituo vyao. Kwa hiyo uchungu wa mchezo uliokwisha watu wangali wanautaka tunaujua tangu zamani. Na kuna uchungu wa pili, mkali zaidi: mchezo ule ule kuibuka tena baadaye kwa mkono wa mtu mwingine, kitabuni au katika hadithi za picha. Majina ni yale yale na mavazi ni yale yale, lakini mpenzi wa mchezo husoma kurasa mbili tatu akakifunga kitabu na kusema: huyu siye. Ukimuuliza kwa nini, aghalabu hawezi kueleza. Mimi nilielewa anachokikosa siku nilipofuatilia hadithi ya zamani zaidi, isiyokuwa na televisheni wala vibonzo mwanzoni mwake, na ambayo kiini chake ni Tabora.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingali imesimama Shangani, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Aliyemhimiza ni Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Unguja. Brode akayageuza maandishi yale kwa hati za Kirumi, akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la chuo cha lugha cha Berlin, mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena hapa Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na chapa ya 1966 ndiyo iliyowafikia wengi wetu.

Asiyeisoma huenda akadhani ni kitabu cha majigambo. Majigambo yamo, lakini kilichomo zaidi ni mazungumzo na hesabu: nani alisema nini, nani alijibu vipi, frasila ngapi za pembe, bunduki ngapi, deni la nani kwa nani. Taria Topan anatajwa kama mtu anavyomtaja tajiri wake, kwa heshima na kwa tahadhari. Na Tabora katika maandishi hayo haielezwi. Hakuna mandhari wala jua kuzama, kwa kuwa msimulizi anazungumza juu ya mji wa baba yake. Muhammed bin Juma alikuwa na makazi yake huko na alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Tabora ya Tippu Tip ni ukweni. Vita vya Waarabu na Mnywa Sere, mtemi aliyemfuata Fundikira, vinasimuliwa kama ugomvi ulioingia ndani ya nyumba, ambamo kila aliyeshika bunduki ana jamaa upande wa pili.

Kuna kisa kimoja cha ujana wake ambacho sichoki kukirudia. Baba anataka kumpa mtu wa Mrima mali iende mbele kwa biashara, na kijana afuatane naye. Kijana anakataa. Heri arudi Unguja kuliko kuongozwa na mtu yule. Baba anakubali, mali inakabidhiwa kwa mwana. Ni maneno machache tu ya baba na mwanawe, lakini mtu mzima wa baadaye tumekwisha kumwona: kiburi chake, akili yake, na namna anavyojua lini kumbana mkubwa wake.

Hadithi hii inakoma ghafla. Tippu Tip anarejea Unguja mwaka 1891, anasimulia habari ya kesi aliyofunguliwa na Stanley, kisha basi. Naye aliishi hadi Juni 1905. Katika miaka hiyo kumi na minne yalitokea mambo ambayo msomaji angetoa chochote ayasikie kwa kinywa chake. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893 katika vita na Wabelgiji huko Kongo. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Wajerumani waliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, na Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe asikamatwe hai. Ukoo aliouoa baba, mji alioujua tangu ujana, mtoto aliyemwachia kazi yake: vyote viliangushwa katika muda mfupi, na mzee yuko Shangani. Hakuandika.

Wakaandika wengine. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyewatumikia Wabelgiji, alikwisha kutoa kitabu chake juu ya kuanguka kwa Waarabu wa Kongo mwaka 1897, na humo Sefu ni adui tu, mtu wa kufukuzwa kutoka boma hadi boma. Brode naye alichukua maandishi ya mzee akayafanya kitabu chake mwenyewe cha Kijerumani, kilichotoka 1905, mwaka ule ule mzee alipofariki. Tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka 1907. Hapa ndipo lilipo lalamiko langu. Brode alikuwa na matini yote mkononi. Alimjua mwenyewe. Lakini jina dogo la kitabu chake cha Kijerumani linamwita Tippu Tip mtawala dhalimu wa Afrika ya kati, na sauti iliyokuwa ikisema "mimi" imegeuka kuwa "yeye". Mtu aliyekuwa na baba, mama wa kambo, wakwe na wadai amekuwa mfano wa aina fulani ya watu. Matukio yamebaki karibu yote, na pengine yamepangwa vizuri zaidi, kwa tarehe. Mwenyewe ameondoka.

Upande wa Stanley mambo yalikuwa mepesi zaidi. Alifika Unyanyembe mwaka 1871, akakaa Kwihara, akajiunga na Waarabu katika vita vyao na Mirambo vilivyowageukia vibaya, kisha akazunguka kwa njia ya kusini hadi Ujiji. Kitabu chake cha 1872 kikazaa watoto. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu ya Stanley na Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Mwaka 1954 kitabu chenyewe kilitolewa New York kikiwa hadithi ya picha, namba 115 katika mfululizo wa Classics Illustrated. Mwaka 1971 BBC ikatoa mchezo wa televisheni wa sehemu sita juu ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Sina ugomvi na picha. Mchoraji hodari angeweza kuuonyesha uso wa baba yule siku mwanawe alipokataa kuongozwa. Lakini habari ikiitwa jinsi nilivyompata Livingstone, swali la nani mwenye hadithi limekwisha kujibiwa jaladani, na aliyeishi Tabora maisha yake yote hana budi kuwa mwenyeji, mpagazi au hatari ya njiani.

Hata hivyo lazima niseme jambo jingine, maana mpenzi aliyeudhika ni rahisi kujisahau. Tippu Tip mwenyewe alikuwa fundi wa kuendeleza hadithi za watu. Alipofika kwa Kasongo Rushie, mtawala mzee huko Kongo, alikwisha kupata habari za ndugu wa kike wa ukoo ule waliotekwa zamani. Akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wao: babu yake alimpata mwanamke wa Urua, na damu ni moja. Mzee akaamini, akafurahi, akamkabidhi nchi. Wengi wa wasomao leo wanaiona kuwa ni hila tupu, naye anaisimulia bila haya. Sasa niwaulize wenzangu: watu wa Kasongo Rushie, waliokuwa wakiijua hadithi ya yule ndugu aliyepotea, walijisikiaje mgeni alipojiandikia sura ya mwisho ndani yake?

Na wako ambao hawakupata hata sura moja. Pembe hazikuja pwani zenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba kwa ujira, na watumwa waliobeba kwa kulazimishwa, katika kitabu hiki ni idadi. Karunde anatajwa, lakini hatumsikii akisema Tabora ilionekanaje kwa binti wa Fundikira aliyeolewa na mfanyabiashara mgeni. Jina la Fundikira liliendelea bila msaada wa vitabu vyetu, hadi kwa Abdallah Said Fundikira, mtemi aliyekuja kuwa waziri katika serikali ya Tanganyika huru.

Ndiyo sababu mwendelezo nilioupenda kuliko wote ni ule ambao hauna jina la Tippu Tip juu yake. Carl Velten alichapisha mwaka 1901 safari za Waswahili mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyetoka pwani kwenda bara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Si habari ya mtu mkubwa, ni ya mfanyabiashara ambaye mambo yanamwendea kombo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliitumia simulizi hiyo katika Paradise, riwaya yake ya 1994, lakini akamtia katikati ya msafara mtoto Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hesabu ile ile ya madeni, frasila na hongo za njiani, sasa inaonekana na aliye ndani ya hesabu. Riwaya inakatika kwa ghafla kama alivyokatika mzee: Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani, na hatumwoni tena. Gurnah alipotoa Afterlives mwaka 2020, baadhi yetu tuliifungua tukimtafuta Yusuf, tukamkuta Hamza, kijana aliyekuwa askari wa Wajerumani, mwenye maisha yanayofanana sana na yale lakini si yeye. Nakiri niliudhika kwa kurasa thelathini hivi. Kisha nikasahau kuudhika.

Mwaka 2022 Paradise ilitoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nakala yangu nimeiweka rafu moja na chapa ya Whiteley, na kati yao pana nafasi ya kitabu kimoja chembamba. Ningependa kiwe cha Karunde.