Injini ya jetiski ya kusimama: historia fupi kwa watu wa ziwani

Leo naiweka kompyuta pembeni. Kuna kijana wa Homa Bay anajijengea jetiski ya kusimama kwa fiberglasi, na swali lake ni moja tu: aweke injini gani? Riziki yangu ni kuandika programu, lakini swali hili halijibiki bila historia, na historia naipenda.

Wazo lilitoka kwa Mmarekani Clayton Jacobson II, mpenda mbio za pikipiki, miaka ya 1960. Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo ya kukalia mwaka 1968, haikuuzika, wakaiacha. Kawasaki wakaleta ya kusimama mwaka 1973: silinda mbili, cc 400, stroki mbili. Yamaha wakaja na SuperJet mwaka 1990, ambayo baadaye ilipewa injini ya cc 701. Hiyo ndiyo wajenzi wengi wanaikimbilia mpaka leo. Ni nyepesi, vyuma vyake ni vichache, na oili unaichanganya mwenyewe kwenye petroli, 50 kwa 1. Hakuna pampu ya oili ya kukufia bila kuaga.

Sasa njoo kwetu. Kuanzia Mbita hadi Sori na Muhuru, boti za wavuvi zimezoea injini za stroki mbili za kufunga nyuma, na fundi wa ufuoni anazifungua akiwa amepiga magoti mchangani. Lakini usidhani utaing'oa hiyo uitie kwenye jetiski! Krankshafti ya injini ya boti imesimama wima, ya jetiski imelala. Kinachohamia ni ujuzi wa fundi, si chuma.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inapotea, na kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi. Jeti zake zipunguzwe. Na gugu maji, mgeni wa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hujaa Ghuba ya Winam. Jetiski huvuta maji kwa chini, na maji hayohayo ndiyo yanayopoza injini. Tundu likiziba, pistoni inakwama, nawe uko katikati ya maji yenye viboko. Kengele ya joto kwanza, mambo ya cc baadaye.

Kinachonisumbua ni kingine. Stroki mbili za kabureta hutema hadi robo ya petroli bila kuiunguza. Kanuni za Marekani za mwaka 1996 ndizo zilizosukuma viwanda kwenye stroki nne: Kawasaki SX-R ya cc 1,498 mwaka 2017, SuperJet mpya mwaka 2021. Sisi maji hayo tunayachota kwa ndoo. Ila SX-R ina kilo 250 hivi, na ikigoma inataka kompyuta kuipima. Mimi ningefurahi, fundi wa Sori je?

Kura yangu ni 701 kama ilivyotoka kiwandani. Asichonge kichwa cha silinda kutafuta nguvu, maana mgandamizo ukipanda, petroli ya kawaida haitaifaa. Na awe mbali na wanakoteka maji. Akimaliza kuijenga nitaweka picha hapa.