Kinu

Mkulima wa Songwa, wilayani Kishapu, akwambiapo kuwa pamba yake imekwenda kinuni, usidhani kwamba imekwenda kutwangwa. Maana kinu, ambacho asili yake ni gogo lililochongwa tundu la kutwangia nafaka kwa mchi, kilikwisha kulitoa jina lake kwa mitambo mingi, kikiwamo kile cha mafuta ambacho huko Pwani kilizungushwa na ngamia, na hiki cha kuchambulia pamba. Wako wapendao kusema jinari. Kwa rai yangu kinu latosha, nalo lina heshima ya ukale. Na hikima ya mtambo wenyewe, alioubuni Fones McCarthy wa Marekani mwaka 1840, yastahiki kutazamwa kwa makini: gogo lililovikwa ngozi lazunguka likigusana na kisu kisichosogea, likizinasa nyuzi na kuzivuta, ilhali mbegu, kwa unene wake, hushindwa kupenya, na kisu cha pili, kipandacho na kushuka, huzigonga zikadondoka. Hivyo pamba mbegu huwa pamba nyuzi, ikashindiliwa marobota. Na mbegu hupelekwa kinu kingine, zikakamuliwe mafuta.