Doha, mji uliosoma kabla ya kuandika

Miaka 100 iliyopita, aliyeulizia shule mjini Doha, Qatar, alielekezwa nyumbani kwa mtu. Huko angewakuta watoto wamekaa jamvini, mutawa, yaani mwalimu wao, mbele yao na fimbo ndefu ya kumfikia hata aliyejificha nyuma, na kila mmoja anasoma kwa sauti mahali alipofikia. Wenyewe waliiita shule hiyo kuttabu. Mtu wa Lamu, Tanga au Unguja asingehitaji maelezo zaidi, maana ni chuo kile kile alichokulia: alifu, be, te, kisha irabu, kisha juzuu Amma, mpaka mtoto ahitimu msahafu. Aliyehitimu alipambwa, akazungushwa mtaani na wenzake huku wakiitikia "Amin".

Wengi wa watoto hao walihitimu bila kujua kuandika. Mutawa alilipwa afundishe kusoma Kurani, na walimu wengi waliishia hapo. Kuandika na kuhesabu kulikuwa na walimu wake, wachache, na waliokwenda kwao walikuwa hasa watoto ambao baba zao walikuwa na biashara ya kurithisha. Sisi tumezoea kutamka KKK kwa pumzi moja kana kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu ni ndugu wa tumbo moja. Doha ya enzi hizo, iliyoishi kwa biashara ya lulu, haikuwaona hivyo.

Na biashara hiyo ya lulu ilikuwa ya madaftari. Kabla ya msimu wa kiangazi nahodha alimkopesha mzamiaji pesa za kuachia familia. Msimu ukiisha, deni lilikatwa kwenye fungu lake, na lililobaki likasogezwa mwaka unaofuata. Kalamu ilikuwa ya nahodha. Mzamiaji angeweza kusoma Yasin yote kwa moyo, lakini asiweze kuhakiki mstari mmoja wa hesabu yake. Katika nchi jirani ya Bahrain, mageuzi ya miaka ya 1920 yaliagiza kila mzamiaji apewe daftari lake mwenyewe. Agizo zuri, ila halikuja na mwalimu. Chini kabisa walikuwa watumwa, wengi wao wenye asili ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao fungu lao la lulu lilikwenda kwa bwana. Habari zao zinasimuliwa leo katika makumbusho ya Bin Jelmood, mtaa wa Msheireb, katikati ya Doha. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952.

Elimu ya juu kidogo ilikuwepo. Sheikh Muhammad bin Abdulaziz al-Mana, mwanachuoni wa Najd, aliendesha kwa miaka mingi Madrasa ya Athariya, akifundisha nahau, fiqhi na tafsiri kwa vijana ambao baadaye walikuwa makadhi na walimu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alihamia Saudi Arabia, na madrasa ikafungwa. Lulu nayo ilikuwa imeanguka, baada ya Wajapani kuanza kuzifuga na dunia kufilisika.

Mafuta ya Dukhan yalianza kusafirishwa mwaka 1949. Miaka hiyo hiyo ndipo ilipofunguliwa shule ya Islah al-Muhammadiya, ikiwa na mwalimu mmoja na wavulana 50. Kufikia 1951 walikuwa 240, kwa walimu sita. Muda si mrefu serikali ikawa inawapa wanafunzi vitabu, nguo na hata posho ya kila mwezi. Hapo walimu wakatafutwa nje, Misri na Palestina hasa. Abdul Badi Saqr, Mmisri, alikabidhiwa usimamizi wa elimu mwaka 1954.

Walimu hawa wa kigeni ndio walioleta somo la imla kwa uzito wake. Mwalimu anasoma sentensi polepole, darasa linaandika, kisha kalamu nyekundu inapita. Kwa mtoto wa Doha ulikuwa mtihani mgumu kuliko unavyodhani. Chukua herufi jimu. Nyumbani Wakatari wengi huitamka "y", kwa hiyo kuku, ambaye vitabuni ni dajaj, kwa bibi ni diyay. Chuoni aliisoma kama "j" ya Kurani. Halafu mwalimu wa Kimisri, akijisahau, anaitamka "g" kama wanavyosema Cairo. Sauti tatu, herufi moja, na daftari linasubiri. Bado hamza, ambayo mara hupanda juu ya alifu, mara juu ya wau au ye, mara hukaa peke yake, kila moja kwa kanuni yake. Na irabu zilizomsaidia mtoto katika kitabu cha kwanza huondolewa akipanda madarasa, ikabidi aijue nahau ili asome sawasawa. Tunaoandika Kiswahili kama tunavyokisema tumeepushwa na mengi.

Wasichana walichelewa. Amna Mahmoud al-Jaidah alianza kwa kufundisha nyumbani kwake, akashikilia nia hiyo mpaka katikati ya miaka ya 1950 darasa lake likawa shule ya kwanza ya serikali ya wasichana, Banat al-Doha. Wapo waliopinga kwa hofu ya dini. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kurani, basi hoja hiyo ilikuwa ngumu kumtupia.

Mwaka 2001 elimu ya msingi ikawa ya lazima kwa sheria, na serikali ikaiita taasisi ya RAND ya Marekani ichunguze shule zake. Kutokana na ushauri wake, Septemba 2004 zikafunguliwa shule 12 za kwanza za mfumo mpya, na hisabati na sayansi zikahamia Kiingereza. Karibu na 2012 Kiarabu kikarudishwa. Mtanzania anayefuatilia mabishano yetu ya lugha ya kufundishia hatashangaa.

Katika PIRLS, kipimo cha kimataifa cha kusoma kwa darasa la nne, Qatar ilipata 353 mwaka 2006, ikizishinda Kuwait, Morocco na Afrika Kusini tu. Mfumo mpya ulikuwa na miaka miwili, kwa hiyo kuubebesha lawama yote si haki. Mwaka 2011 ilipata 425, mwaka 2016 ikapata 442, na 2021 ikafika 485, ingawa hiyo ya mwisho ipokelewe kwa tahadhari: kwa sababu ya korona, watoto wa Qatar walipimwa wakiwa wameshaingia darasa la tano. Katika mara zote nne wasichana waliwapita wavulana.