Herufi 80 au 100? Kwa nini waprogramu hawaelewani kuhusu urefu wa mstari

Kila app kwenye simu yako imeandikwa na watu, mstari kwa mstari. Maandishi hayo huitwa msimbo, na kwa lugha nyingi kompyuta haijali mstari una urefu gani wala mwanzoni umeacha nafasi ngapi. Anayejali ni mtu atakayeusoma baadaye. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

80 ilitoka wapi?

Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilileta kadi za matundu zenye safu 80, kila safu ikibeba herufi moja. Waprogramu walipoanza kutumia kadi hizo, kadi moja ikawa mstari mmoja wa msimbo. Zilipokuja skrini, kipimo kilihamia huko pia: VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka 1978, ilionyesha herufi 80 kwa mistari 24. Leo kadi hazipo na skrini zimepanuka, lakini 80 bado ipo.

Kila upande unasema nini?

Wanaotetea mistari mifupi wanasema inasomeka haraka, na inakuwezesha kufungua mafaili mawili au matatu bega kwa bega kwenye skrini moja. Pia wanasema mstari mrefu mara nyingi ni dalili kwamba mambo mengi yamebanwa sehemu moja.

Wanaopinga wanajibu kwamba mstari uliokatwa kwa lazima ni mgumu zaidi kusoma. Tena watu huishia kufupisha majina hadi hayaeleweki, ili tu watoshe kwenye kipimo.

Hata wakubwa hawakubaliani. Mwongozo wa lugha ya Python, PEP 8, wa mwaka 2001, unataka herufi zisizidi 79, ingawa timu ikikubaliana inaweza kufika 99. Mwongozo wa Google kwa lugha ya Java unaruhusu 100. Kwenye Linux, mwanzilishi wake Linus Torvalds alisema Mei 2020 kwamba kukata mistari kwa sababu ya 80 kumepitwa na wakati. Programu inayokagua msimbo wa mradi huo ikasogezwa, sasa inaonya mstari ukizidi 100, japo 80 bado ndiyo inayopendelewa.

Tab au nafasi?

Huu ni ugomvi mwingine wa zamani: mstari usogezwe ndani kwa kitufe cha Tab au kwa nafasi za kawaida? Tab inamwachia kila msomaji achague upana anaotaka, jambo linalowasaidia hasa wenye uoni hafifu. Nafasi nazo zinahakikisha msimbo unaonekana vilevile kwenye kila mashine. Linux inatumia Tab yenye upana wa herufi 8, PEP 8 inapendekeza nafasi 4. Python 3 yenyewe hukataa kabisa kuendesha msimbo uliochanganya vyote viwili kiholela.

Si suala la urembo tu

Februari 2014 Apple ililazimika kutoa sasisho la dharura, iOS 7.0.6, kwa watumiaji wa iPhone. Kwenye sehemu inayohakiki usalama wa mawasiliano, mstari mmoja ulikuwa umejirudia: goto fail, mara mbili mfululizo. Mstari wa pili ulisogezwa ndani kama wa kwanza, hivyo kwa macho ulionekana uko chini ya sharti lilelile. Kumbe haukuwa. Ulitekelezwa kila mara, hatua ya mwisho ya uhakiki ikarukwa, na mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe angeweza kujifanya tovuti unayoiamini na kusoma siri zako.

Jicho lilidanganywa na mpangilio. Mabano yangekuwepo, au programu ya kupanga msimbo ingepitishwa juu yake, kosa lingeonekana kirahisi zaidi.

Kazi wakaachiwa mashine

Ndiyo maana timu nyingi siku hizi hazibishani tena, zinatumia programu zinazopanga msimbo zenyewe. Lugha ya Go inakuja na gofmt, ambayo hutumia Tab na haiweki kikomo cha urefu wa mstari. Prettier, maarufu kwa JavaScript, huanzia 80. Black, ya Python, ilichagua 88. Hakuna anayepata kila anachopenda, lakini wote wanapata msimbo unaofanana.

Tahadhari ni moja. Kupanga upya mradi mzima kwa siku moja kunavuruga historia: ukiuliza nani aliandika mstari fulani, jibu linakuwa ni aliyeupanga, si aliyeuandika. Toleo la Git 2.23, la Agosti 2019, lilileta njia ya kuruka mabadiliko ya aina hiyo.

Unaanza kujifunza?

Usipoteze muda kutafuta kipimo sahihi kuliko vyote. Fuata mwongozo wa lugha yako, washa programu ya kupanga msimbo tangu siku ya kwanza, na ukijiunga na mradi wa wengine, andika kama wanavyoandika wao.